Shamba la Dominika Lilikuwa Linapumzika

Mimi naitwa Rose, wengi wananijua kama Mama Lwitiko. Nauza nafaka sokoni Sumbawanga mjini, na niseme mwenyewe kabla watu hawajanisemea: mimi si Mfipa. Kwetu Tukuyu, kwa Wanyakyusa. Nililetwa huku na uhamisho wa mume wangu, mwalimu Fanueli, wakati Lwitiko bado namfunga mgongoni, na siku ile niliposhuka kwenye basi upepo wa mwezi wa sita ukanipiga usoni nikamwambia, "Baba, huku umenileta kugandishwa." Nikaapa kwamba nakaa mwaka mmoja tu. Sasa ni mwaka wa ishirini na mbili na bado nipo, koti mwilini.

Nayasema haya ili mjue kwamba habari za Dominika sizitoi kwa undugu wala kwa ukabila. Nazitoa kwa sababu nilikuwepo. Mdomo wangu huu, ambao Fanueli anasema hata nikilala unabishana, ulinyamaza siku moja tu katika maisha yake, na siku hiyo ndiyo ulitakiwa useme. Hilo linanichoma mpaka leo.

Dominika ni mkulima wa Nsunzu, kijiji cha mbele ya Mwimbi, pale uwanda unapokatika ghafla na mto unajitupa chini kwenda ziwani. Maporomoko yale wageni wanayapiga picha mpaka simu zinaisha chaji. Watu wa Nsunzu kwao ni kelele za maji tu, na mahali pa kuwakataza watoto wasikaribie. Nilimjua kwa ulezi wake. Ulezi wa watu wengine ukisagwa, uji unauma meno kwa mchanga. Wa Dominika ulikuwa mwekundu, safi, huoni hata kijiwe. Nikamwambia, "Dada, mimi nataka kuona huu ulezi unakotoka." Akanijibu, "Njoo, lakini uje na viatu vya kutembelea, si hivyo vya kanisani."

Nikaenda. Akanipandisha hadi shamba lake la juu, karibu kabisa na ukingo, unaona maji yanavyoanguka na ziwa kwa mbali. Nyasi zimenifika kifuani! Mimi na mdomo wangu nikasema, "Dada Dominika, ardhi nzuri namna hii mmeiacha pori? Huu si uvivu?" Alicheka mpaka akashika magoti.

"Mama Lwitiko, hili halijaachwa. Linapumzika."

Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto wa chekechea. Wafipa hawachomi nyasi wala hawamwagi mbolea ya dukani kama kina sisi. Shamba likishatoa ulezi, kisha mahindi na maharage, linalazwa miaka mitatu, minne, mpaka nyasi zishibe. Ndipo mvua zinapokaribia kuisha wanaingia na jembe, wanakata nyasi na udongo wake, wanazikunja ndani, wanajenga matuta ya mviringo yanayoitwa ntumba. Nyasi zinaoza humo ndani kimyakimya. Mvua nyingine zikija, matuta yanasambazwa, ulezi unapandwa, na ndio ule niliokuwa naugombania. Ukilima kabla shamba halijatosheka kulala, unapata mabua. Akanipa jembe nijenge tuta moja. Nilijenga, nikatoka malengelenge mikono yote miwili, na tuta lenyewe likaporomoka. Dominika akasema tuta la Mnyakyusa linafaa kupandwa ndizi.

Basi tukawa marafiki hivyo.

Sasa niwaeleze kuhusu Flavian, maana bila yeye hakuna habari. Dominika alikuwa na dada yake mkubwa, mmoja tu. Dada huyo alijifungua mtoto wa kiume, na hata arobaini haijaisha akafariki. Dominika wakati huo ana Edith, wa miezi mitatu. Akakichukua kile kichanga kutoka kwenye mkeka wa msiba akakiweka ziwa la kushoto, Edith kulia, na ikawa hivyo mpaka wote wawili wakaacha kunyonya. Kwa Wafipa mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Hakuna cha "wa dada" hapo. Kuna mlevi mmoja kwenye harusi aliwahi kumwita Flavian "yule yatima wa Dominika." Dominika akainuka, akauchukua mtungi wa pombe aliokuwa akiulinda yule bwana, akaumwaga wote chini, akarudi kukaa.

Mume wake, Zenon, alifariki kwa ugonjwa wa kifua Flavian akiwa kidato cha pili. Watu wakadhani mtoto atarudi nyumbani. Wapi! Dominika alimsomesha kwa lile shamba la juu. Likilala, analima la bondeni. La bondeni likichoka, anaamsha la juu. Alimpeleka seminari, akiota siku moja atapiga magoti mbele ya mwanawe abarikiwe. Kijana akarudi akasema, "Mama, sina wito." Alilia siku mbili, halafu akasema Mungu hapokei mtu wa kusukumwa. Akampeleka chuo, akasomee utalii.

Na msidhani alimlea kama yai. Kila likizo Flavian alishika jembe. Matuta yake yalikuwa mazuri, ya mviringo hasa, yamepangika, hata wapita njia walisema haya ni ya Flavian. Edith alipoolewa Kabwe, huko kwa wavuvi, Flavian ndiye aliyebaki mkono wa kulia wa mama yake. Kwa hiyo mtu asije akaniambia hakujua. Alijua kuliko mimi, kuliko afisa yeyote, shamba gani limelala na shamba gani limetupwa.

Alipomaliza chuo akakaa Mbeya miaka kadhaa, kisha mwaka juzi akarudi na fulana yenye nembo kifuani. Kuna kampuni ilitaka kujenga hoteli pale ukingoni, watalii waamke wakinywa chai wanaangalia maji. Flavian alikuwa ndiye mtu wao wa kuzungumza na wanakijiji. Jamani, Dominika alivyovimba kwa furaha! Alikuja sokoni kwangu na kitenge kipya kuniambia tu kwamba mwanangu ana kazi ya kalamu. Na kijiji nacho hakikupinga. Msije mkaniletea habari kwamba wakulima hawataki maendeleo. Walitaka barabara, walitaka kazi, walitaka watoto wao wasiende kubeba mizigo Tunduma.

Mwezi wa sita mwaka jana akaja mtaalamu kutoka Dar es Salaam, Bwana Meshack. Mwembamba, miwani, viatu vya porini vipya kabisa. Mimi siku hiyo nilikuwa Nsunzu kununua maharage, nikajipenyeza kwenye mkutano darasani. Akasema, "Ndugu zangu, hoteli haijajengwa. Utalii unaleta neema, na unaweza kuumiza watu. Kazi yangu ni kutafuta nani anaweza kuumia, kabla hajaumia. Haki zenu za kibinadamu ndizo zimenileta." Nilimpenda pale pale. Hakuwa na majivuno.

Akauliza yale ambayo hakuna mtu aliwahi kuyauliza. Kisima kikizungushiwa uzio, wanawake watachota wapi? Watoto wataacha shule wakimbilie kuongoza wageni? Wasichana watakaotandika vitanda, mgeni akiwashika watamwambia nani? Mahali pa kutambikia pako wapi, na nani aruhusiwe kupapiga picha? Na ardhi: nani analima wapi? Kina mama waliokuwa wameinama wakainua vichwa. Mzee mmoja aliongea juu ya mizimu ya majini mpaka chaki ya Bwana Meshack ikaisha.

Dominika kimya. Nikamgusa kiwiko. "Sema lako! Hawa ni watu wa haki za binadamu."

Akaninong'oneza, "Flavian si yupo pale? Niseme nini tena?"

Kweli, Flavian alikuwa amekaa pembeni ya Bwana Meshack, na siku zilikuwa chache, mashamba mengi. Ikaamuliwa vijana waliosoma wapite shamba kwa shamba na fomu. Upande wa chini wakapewa walimu wawili. Upande wa juu, ule ule wa ukingoni, akapewa Flavian kwa kuwa anaujua. Moyoni nikasema, hii si kumkabidhi fisi bucha? Mtu wa kampuni ajaze fomu za ardhi ambayo kampuni inaitaka? Halafu nikajijibu mwenyewe: acha roho mbaya, Rose, huyu ni Flavian.

Kesho yake asubuhi Dominika alikuwa uani anapepeta maharage yangu, mimi nimekalia gunia. Flavian akaja na makaratasi yake kwenye ubao.

"Shikamoo mama. Mama Lwitiko, shikamoo."

"Marahaba mwanangu," Dominika akasema. "Uji upo jikoni."

"Nitakunywa. Mama, kuna hili la shamba la juu. Wanauliza, linatumika au halitumiki?"

Dominika akacheka, ungo mkononi. "We mtoto! Unaniuliza mimi? Si umelilima mwenyewe? Jaza."

Hapo ndipo lilipotokea kosa, na ni kosa ambalo mtu wa Mbeya au wa Dar asingelifanya. Sisi tungeeleza mpaka karatasi ijae. Mfipa hamwelezi shamba mtu aliyelishikia jembe. Kumweleza ni kumwambia wewe mgeni hapa. Dominika angemwambia mwanawe "linapumzika, andika linapumzika," angekuwa amemtukana. Kwa hiyo hakusema. Alimpa heshima yote.

Flavian akaiangalia karatasi. Mimi nilikuwa namtazama, na kalamu ilisimama. Si kidogo. Ilisimama kiasi kwamba kuku walipita mbele yake wakarudi. Kisha akaweka alama ya vema, haraka. "Weka sahihi hapa, mama."

Dominika alinawa mikono kwanza, akaipangusa kwenye khanga, akaandika jina lake lote, taratibu, kama alivyofundishwa na masista. Fomu ilikuwa urefu wa mkono kutoka nilipokaa. Ningesema tu, "Hebu tuone ulichojaza." Maneno matatu! Mimi ambaye nabishana na mizani. Nikanyamaza, nikaona aibu kumkagua mtoto mbele ya mama yake.

Mwezi wa kumi Bwana Meshack akarudi kutoa mrejesho. Dominika akanitumia ujumbe nije, kuna mkutano, mwanangu atakuwa mbele. Nikapanda Canter ya magunia nikaenda. Na ripoti ilikuwa nzuri, sitamnyima mtu haki yake. Kisima kisiguswe. Mahali pa matambiko pasisogelewe. Mtoto wa shule asipewe kazi yoyote. Watu wakapiga makofi. Kisha akafika kwenye ardhi.

"Hatari ya watu kupoteza mashamba ni ndogo," akasoma. "Eneo lote la juu, ukingoni, halitumiki kwa kilimo, ni pori. Wahusika wamethibitisha hilo kwa sahihi zao. Kwa hiyo linaweza kurudi mikononi mwa kijiji na kukabidhiwa mwekezaji bila kumhamisha mtu."

Minong'ono ikaanza. Dominika alikuwa amekaa dawati la pili, na kwanza akatabasamu kidogo, kama mtu anayejua ni makosa ya uchapaji na yatarekebishwa sasa hivi. Akasimama.

"Baba, samahani. Lile la juu ni shamba langu. Si pori. Linapumzika mwaka wa tatu huu. Mvua za mwakani najenga matuta."

Bwana Meshack akafungua mafaili, akaitafuta fomu, akashuka nayo mwenyewe hadi kwenye dawati. "Mama, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Hapa imewekwa vema: halitumiki."

Dominika aliitazama ile karatasi. Nilimwona shingo yake inavyobadilika rangi. Hakumtazama Bwana Meshack tena. Alimtazama Flavian, na sauti yake ilikuwa ile ile ya uani, ya kumwambia uji upo jikoni.

"Flavian. Waambie."

Darasa zima likageuka. Kijana akawa na nafasi pale, wallahi alikuwa na nafasi nzuri kuliko zote. Angesema nilikosea, nilidhani, kalamu iliteleza, chochote. Tungemcheka, tukasamehe, tukaenda kula.

Akasema, macho kwenye simu yake, "Mimi niliandika alichoniambia."

Nikasikia mtu nyuma anasema, kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nikaruka. "Mwongo! Mwongo mkubwa! Nilikuwepo, hakukwambia kitu!" Mwenyekiti wa kijiji akanyanyua mkono. "Mama, wewe ni mkazi wa hapa?" Nikasema si mkazi lakini nina macho. Akasema, "Basi kaa chini." Nikakaa. Dominika alikuwa ameshakaa zamani. Mikono ameiweka mapajani, viganja juu, kama mtu aliyepokonywa kitu alichokuwa amekibeba.

Mkutano ulipoisha Bwana Meshack alitufuata nje. Uso wake haukuwa wa mtu mwenye furaha. "Mama, ripoti naikabidhi Ijumaa ya wiki ijayo. Kabla ya hapo, ukifika mjini Sumbawanga kwenye dawati la malalamiko la mradi, ukaandikisha kwamba fomu ilijazwa uongo, nalazimika kurudi kupima upya. Ikishakabidhiwa sina mamlaka tena. Na aliyejaza ataondolewa kazini. Sitakuficha."

Kwa hiyo ilikuwa wazi kama mchana: shamba au mtoto. Na siku zilikuwa tisa.

Jioni ile, jua halijazama, Flavian akaja nyumbani. Hakuamkia. Nilitaka kuondoka, Dominika akanishika khanga nikabaki.

"Mama, nisikilize. Bosi aliniambia upande wa juu ukiwa na watu, hoteli inahamia kwingine, na mimi kazi sina. Ukiwa wazi, nakuwa msimamizi. Na wewe nimeshakutengea nafasi jikoni. Utakaa kwenye joto, na koti la wapishi. Jembe basi tena."

"Nilikuomba?"

"Umezeeka na jembe, mama. Nyasi zile zinakupa nini?"

"Zimekusomesha wewe," Dominika akasema. "Hujui? Hukuyajenga matuta yale kwa mikono yako?"

Dominika akasogea, akamshika mkono. Nilishangaa. Mimi ningemshika sikio. "Mwanangu, binadamu hukosea. Nenda kwa Bwana Meshack mwenyewe. Mwambie nilikosea kujaza. Mimi sitafika mjini, wala hili jambo sitalitamka tena mpaka nakufa."

Aliwaza. Nilimwona anawaza kweli. Halafu akautoa mkono wake. "Ukienda kule wananifukuza, mama. Unajua wananifukuza. Ungekuwa umenizaa, usingefikiria hata kwenda."

Mungu wangu. Kuna maneno mtu akiyasema unatamani masikio yawe na mlango. Miaka thelathini na tatu hakuna kiumbe aliyeruhusiwa kusema jambo lile mbele ya Dominika, na sasa limetoka kwenye mdomo aliounyonyesha. Kijana akaondoka. Nikaanza kumtukana kwa Kiswahili, kikaniishia, nikahamia Kinyakyusa.

"Mama Lwitiko," Dominika akasema, "usimtukane mwanangu."

Nikafunga mdomo. Nilikuwa nalia, na yeye halii. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Siku zile zote watu walimjia. Katekista akaja kumkumbusha kusamehe saba mara sabini. Mama wa jumuiya yake akaja na mayai, akakaa, akala, na wakati wa kuaga akatupa jiwe lake: "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Edith akapiga simu toka Kabwe akisema mama acha, shamba litapatikana jingine. Jingine wapi? La bondeni lilikuwa limechoka, mwaka huu lilitakiwa lilale. Shamba la juu likienda, hakuna cha kuamsha. Dominika angebaki na kiwanja cha nyumba na hilo koti la wapishi. Hayo aliniambia mwenyewe kwa simu, bila kulalamika, kama anayesoma orodha. Flavian hakurudi, hata kupiga simu. Alionekana ukingoni akiwaonyesha watu wa vipimo mahali pa kuchomeka vigingi.

Jumatano, zimebaki siku mbili, nikamwona Dominika mbele ya kibanda changu sokoni. Kitenge cha Jumapili, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Hakuwa na ulezi. "Twende," akasema. Nikamwachia jirani biashara, nikaenda.

Dawati la malalamiko ni chumba kimoja cha kupanga nyuma ya duka la simenti. Tulimkuta binti anaitwa Jovina, mpole, aliyetupa viti na kumwamkia Dominika kwa magoti. Akatoa fomu. Jina, kijiji, lalamiko. Dominika akaeleza yote, safari hii neno kwa neno: shamba linavyolala, miaka mingapi, matuta, ulezi, nani aliuliza, nani alijaza. Alieleza shamba kama kwa mgeni. Jovina akaandika mpaka mkono ukamuuma.

"Na unayemlalamikia, anaitwa nani?"

"Flavian."

"Uhusiano wenu?"

"Mwanangu."

Jovina akaweka kalamu mezani. "Oh. Mama, samahani sana. Malalamiko ya mzazi na mtoto hatupokei hapa. Ni ya kifamilia. Utaratibu ni kuwarudisha kijijini, mkae na wazee, wakishindwa ndipo mje na barua yao."

Nikamrukia. "Binti, kesho kutwa ni Ijumaa! Wazee wa Nsunzu mpaka wakae, wanywe, wakumbuke kilichowakutanisha, ni Pasaka!" Akasema anaelewa, si yeye aliyeandika utaratibu. Nikasema basi nipe aliyeuandika nimng'ate. Akakaribia kulia, maskini, na hakuwa na kosa. Kisha akamgeukia Dominika, akashusha sauti.

"Mama, nisamehe kuuliza. Ni wa kumzaa?"

Nilimtazama Dominika, nikaona ameelewa kabla yangu. Nje watu wanapakua simenti, wanahesabiana mifuko kwa kelele. Akavaa viatu vyake, kimoja, kingine, akafunga kamba.

"Akiwa si wa kumzaa, mnapokea?"

"Tunapokea leo leo. Bwana Meshack anaipata kabla ya saa kumi."

"Ni mtoto wa marehemu dada yangu."

Jovina akashika kalamu, akaipitisha kwenye fomu juu chini, akatafuta. "Humu kuna mzazi, mtoto, mume, mke na ndugu wa tumbo moja. Mtoto wa dada hayumo." Akamwangalia, akisubiri aambiwe.

"Kinabaki nini?"

"Kinabaki 'hakuna'."

"Weka hicho."

Jovina akaweka vema. Akaisogeza fomu kwa ajili ya sahihi, lakini Dominika hakuichukua kalamu.

"Nisomee kwanza," akasema. "Ulipoandika jina lake."

Binti akasoma. "Mlalamikiwa: Flavian. Uhusiano na mlalamikaji: hakuna."

Dominika akasikiliza mpaka neno la mwisho. Akanawa mikono kwa maji ya chupa yangu, akaipangusa, akaandika jina lake lote.